Kamera ya Momela, Moshi wa Ngarenanyuki

Mtalii anayepelekwa upande wa mashariki wa Mlima Meru huambiwa mambo mawili kabla hajashuka garini: kwamba ataona twiga na heroe, na kwamba John Wayne alipita hapa. Yote mawili ni kweli. Filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Mmarekani Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962, ilipigwa nchini Tanganyika kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi miezi ya mwanzo ya 1961, na maskani yake yalikuwa Momela. Nyumba ya wageni iliyopo huko leo imechukua jina la filamu hiyo. Mmoja wa waigizaji wake, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda nchi hata akanunua shamba palepale Momela na kuishi humo kwa miaka kadhaa.

Jambo la tatu mtalii haambiwi. Miaka tisa kabla ya Hawks kufika, kilomita chache kutoka maskani yake hayo, Wameru wa Ngarenanyuki walitolewa kwenye ardhi yao kwa nguvu za polisi na nyumba zao zikateketezwa. Kila mwaka ninapofundisha historia ya harakati za uhuru huuliza darasani nani ameiona Hatari!, kisha nani amesoma kitabu cha Kirilo Japhet na Earle Seaton kuhusu kesi ya ardhi ya Wameru. Mikono ya swali la kwanza huwa mingi kuliko ya swali la pili, hata miongoni mwa vijana waliozaliwa Leguruki na King'ori.

Katika makala haya nataka kuyaweka matukio hayo mawili kando kwa kando, kisha niyapime kwa kipimo kilichotoka mbali. Kipimo hicho ni kazi ya Mrusi Alexander Medvedkin, mwongozaji wa filamu aliyekuwa na maono ya ajabu juu ya nani anastahili kuonyeshwa picha, na lini. Kwa hoja yangu, yeye ndiye mwalimu tunayemhitaji, pamoja na doa lake, ambalo sitalificha.

Nianze na Hawks. Si haki kumdharau. Alizaliwa mwaka 1896, na alipokuja Tanganyika alikuwa tayari ametengeneza Red River na Rio Bravo. Aliongoza kwa namna isiyo ya kawaida: alipiga kwanza picha za kuwakamata wanyama, na hadithi ikashonwa kuzizunguka, mwandishi wake Leigh Brackett akiandika kadiri kazi ilivyokwenda. Waigizaji wenyewe walipanda magari na kuwafukuza faru na twiga wakiwa na kamba mikononi. Mpiga picha Russell Harlan alipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na alistahili. Anayeitazama leo bado atashika kiti chake wakati faru anapoligonga gari. Muziki wa Henry Mancini wa ndovu wachanga unapigwa hadi leo katika nchi ambazo watu wake hawawezi kuionyesha Arusha kwenye ramani.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Kundi la wageni, Mmarekani, Mjerumani, Mfaransa na wenzao, linakamata wanyama wa kuuza kwenye bustani za wanyama za Ulaya. Anakuja mwanamke Mwitaliano, mpiga picha, naye kwa kuwalea ndovu wachanga anaitwa Mama Tembo. Zingatia kwamba mtu mwenye kamera yumo ndani ya filamu yenyewe. Dakika zaidi ya 150 zinapita, na hakuna Mwafrika hata mmoja anayepewa nafasi ya mtu mwenye historia, mwenye deni, mwenye mchumba, mwenye neno la kukataa. Wapo. Wanaruka kutoka malorini na kamba, wanamshika mnyama kabla Wayne hajamfikia vizuri, wanapika, wanatabasamu, wanapungia mkono. Ukiizuia picha kila wanapoonekana na kuwatazama nyuso, kama ninavyowataka wanafunzi wangu wafanye, utaona filamu nyingine ikipita nyuma ya ile ya kwanza. Lakini haina maneno.

Kumbuka pia ni miezi ipi hiyo. Septemba 1960 Julius Nyerere alikuwa ameshika uwaziri kiongozi. Tarehe 1 Mei 1961 nchi ilipata madaraka ya ndani, na tarehe 9 Desemba mwaka huohuo ikawa huru. Katikati ya hayo, mojawapo ya makampuni makubwa ya filamu ya dunia lilikuwa Arusha na mitambo yake yote, likapiga faru. Hawks hakuja kupiga uhuru, na hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo. Hata hivyo picha ya Tanganyika iliyokwenda kwenye majumba ya sinema ya dunia katika mwaka wa kwanza wa uhuru wake ilikuwa ya nchi pana, nzuri, isiyo na wenyewe. Lugha yetu hutumia kitenzi kimoja kwa mambo haya: tunapiga picha kama tunavyopiga risasi na kupiga marufuku. Anayepigwa ndiye mwenye kujua uzito wa kitenzi.

Nchi ile ilionekana haina wenyewe kwa sababu wenyewe walikuwa wameondolewa. Hapa lazima niende taratibu, maana ndipo penye kiini cha mambo.

Tangu enzi za Wajerumani, Wameru walikuwa wamebanwa. Juu yao ulikuwa msitu wa hifadhi wa mlima, na chini yao, kwenye tambarare na vyanzo vya maji, yalikuwa mashamba ya walowezi. Watu na mifugo waliongezeka, nafasi haikuongezeka. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya Kiingereza ilimpa Jaji Mark Wilson kazi ya kuchunguza suala la ardhi ya Arusha na Moshi. Mapendekezo yake, kwa lugha ya utulivu kama ilivyo desturi ya ripoti, yalikuwa ya kupanga watu kwa rangi: eneo la kaskazini mashariki mwa Meru lifanywe ukanda mmoja wa Wazungu usiokatizwa, kwa ufugaji wa ng'ombe wa kisasa, na Wameru waliokuwa humo wahamishiwe King'ori. Hati za wakati ule huandika Engare Nanyuki, na mashamba yaliyogombewa yalijulikana kwa namba, 31 na 328. Ndivyo dola inavyoanza kumwondoa mtu: kwanza inakipa namba kilichokuwa na jina.

Wameru walikataa. Waliandika barua, walituma ujumbe, walikataa fidia. Novemba 1951 uhamishaji ukaanza. Polisi waliingia, mifugo ikaswagwa, mali ikatolewa nje, nyumba zikabomolewa na kuchomwa moto. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 3,000. Walipelekwa kwenye nchi ya chini yenye joto na maradhi ambayo wengi wao hawakuyazoea, wao na ng'ombe wao.

Hawakuwa na kamera, bali kalamu, mchango na kanisa. Kupitia Chama cha Raia wa Meru walichangishana fedha, shilingi kwa shilingi, wakamtuma Kirilo Japhet New York. Pamoja naye alikuwa Earle Seaton, mwanasheria Mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Katikati ya 1952 wakasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika haikuwa koloni bali nchi ya udhamini, na Uingereza ilipaswa kutoa hesabu juu yake. Hiyo ni miaka miwili kabla ya TANU kuzaliwa, na karibu miaka mitatu kabla ya Nyerere kuhutubia baraza hilohilo. Mkulima kutoka miteremko ya Meru alitangulia.

Baraza halikuwarudishia ardhi. Lilisikitika, likashauri, likaendelea na ajenda. Mwishoni mwa mwaka suala lilifika kwenye Baraza Kuu, na azimio lililowaunga mkono Wameru likakosa theluthi mbili za kura zilizohitajika. Miongoni mwa waliosimama upande wa Wameru walikuwa wajumbe wa Umoja wa Kisovieti. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, nitalirudia.

Kwa hiyo kesi ya Wameru iliifikia dunia kwa maneno. Maneno yana nguvu yake, na kumbukumbu zake zipo New York. Lakini fikiria kama moshi wa Ngarenanyuki ungeonekana na wajumbe wale kwa macho yao, badala ya kusimuliwa kupitia mkalimani. Sisemi kura zingebadilika. Mataifa hupiga kura kwa masilahi, wala hayashindwi kuangalia moto bila kupepesa. Nasema tu kwamba upande mmoja wa kesi ile ulikuwa na ramani, ripoti na takwimu, na upande wa pili ulikuwa na ushuhuda wa mtu mmoja aliyevaa koti katika jiji la wageni.

Mtu atasema: mwaka 1951 nani angekuwa na kamera Tanganyika? Jibu ni kwamba kamera zilikuwepo, na muda mrefu. Mwaka 1935 ulianzishwa Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe, mradi wa majaribio wa sinema za elimu kwa Waafrika, uliobuniwa katika duru za wamisionari na kulipiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la Marekani. Msimamizi wake uwanjani alikuwa Meja Notcutt. Kufikia 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 hivi, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Rhodesia Kaskazini na Nyasaland. Zilihusu nini? Minyoo ya safura, ngozi na namna ya kuzikausha, benki ya akiba ya posta, kodi na faida zake. Waafrika walizicheza, na wengine walifundishwa kazi za maabara. Hata hivyo swali lililoulizwa katika kila filamu lilikuwa moja: Mwafrika afundishwe nini? Hakuna filamu iliyouliza: Mwafrika anataka kumwambia nini anayemtawala?

Baadaye kitengo cha filamu cha makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939 kiliikuza fikra kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka, basi aonyeshwe polepole, jambo moja kwa wakati mmoja. Nadharia hiyo ilitungwa na watu waliojifunza sinema, ikiwahusu watu ambao tangu utotoni hufuata ngano zenye sungura watatu na mafumbo manne ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, yaani wakati uleule Ngarenanyuki ilipokuwa ikichomwa, filamu za Kiswahili zilikuwa zikitengenezwa Tanganyika kwa burudani na mafunzo, na katika mojawapo, Muhogo Mchungu, mwigizaji mkuu alikuwa kijana mfanyakazi wa ustawi wa jamii aitwaye Rashidi Kawawa. Waziri Mkuu na Makamu wa Rais wa baadaye alijua kusimama mbele ya kamera kabla hajasimama mbele ya Bunge. Sijui viongozi wetu wangapi wa leo wanaweza kusema hivyo bila mpambe wa mitandao.

Kamera na malori yalikuwepo, hata waigizaji walikuwepo. Kilichokosekana ni wazo, na wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kujaribiwa mahali pengine, miaka mitatu kabla ya Vugiri.

Alexander Medvedkin alizaliwa mwaka 1900 katika mkoa wa Penza. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa askari wa farasi wa Jeshi Jekundu, na huko kikosini alitunga michezo ya kuigiza ya kejeli ambamo farasi waliwasema wapanda farasi wao kwa uvivu na ukatili. Ndani ya mzaha huo kuna kazi yake yote: mpe sauti anayebebeshwa mzigo, umweke mbebeshaji kwenye viti vya watazamaji.

Januari 1932 alitoka Moscow na treni. Mabehewa yalikuwa yamegeuzwa kuwa studio: maabara ya kusafishia filamu, chumba cha uhariri, mashine ya kuonyeshea, na sehemu finyu za kulala kwa watu 32. Kwa siku 294 walikaa relini. Walifika mgodini au kwenye shamba la ushirika, wakapiga picha mchana, wakasafisha na kuhariri usiku, na kesho yake wakawaonyesha wafanyakazi walewale waliopigwa picha. Kisha taa zikawashwa na mjadala ukaanza. Kwa nini mashine hii imelala? Nani aliyepokea vipuri? Mbona bweni linavuja na meneja yumo kwenye picha akisema halivuji? Walikuwa hata na katuni ya ngamia, iliyojitokeza katika filamu kuwafedhehesha waliofanya kazi ovyo. Katika muda huo walitengeneza filamu fupi zaidi ya 70. Nyingi zilidhaniwa zimepotea, na baadhi zilikuja kuonekana tena baada ya miongo mingi.

Mnamo 1932 hakuna aliyekuwa akitumia sinema hivyo. Watu wote, Moscow, Hollywood na Vugiri, waliamini kwamba filamu hupigwa hapa ili ikaonwe kule: watu wa kijijini hupigwa ili watu wa mjini wawatazame, au watu wa mjini hupiga ili wanakijiji wafundishwe. Medvedkin alikata safari hiyo. Aliyepigwa picha ndiye mtazamaji wa kwanza, na akiisha kutazama ana haki ya kujibu. Wapo wakubwa wa sinema ya Kirusi wanaojulikana zaidi: Eisenstein kwa ngazi zake za Odessa, Vertov kwa mtu wake mwenye kamera. Hao walibadili namna ya kutengeneza filamu. Medvedkin aligusa uhusiano wa mpiga picha na mpigwa picha, jambo ambalo kwa nchi kama yetu ni kubwa zaidi.

Mwaka 1935 ilitoka filamu yake ndefu, Furaha, kichekesho cha mkulima fukara ambaye hata kufa haruhusiwi, maana akifa nani atawalisha wengine? Ni filamu ya kuchekesha na ya kutisha kwa pamoja. Filamu yake juu ya Moscow mpya, ya 1938, ilizuiwa. Baada ya hapo jina lake lilififia. Aliyelifufua ni Mfaransa Chris Marker: miaka ya 1960 wafanyakazi wa viwanda vya Besançon walipojifunza kutumia kamera kwa msaada wake na wenzake, vikundi vyao vilichukua jina la Medvedkin. Mzee alifariki mwaka 1989, miaka miwili kabla ya nchi aliyoitumikia kufutika, na mwaka 1993 Marker akamtengenezea filamu ya maombolezo yenye maswali makali.

Swali kali kuliko yote ndilo hili, na ndilo doa nililolitaja. Mwaka 1932 treni ile ilipita Ukraine. Huo ndio wakati ambao wakulima walilazimishwa kuingia mashamba ya ushirika, wale walioitwa matajiri wa vijijini walihamishwa kwa mabehewa, nafaka zilichukuliwa, na njaa iliyoua mamilioni ilikuwa ikiingia. Kamera ya Medvedkin iliona mashine iliyolala, meneja mwongo, bweni linalovuja. Haikuionyesha dola ikimnyang'anya mkulima chakula. Alikuwa muumini, na alibaki muumini hadi mwisho. Kamera iliyopewa ruhusa ya kumkosoa mfanyakazi na meneja haikuwa na ruhusa ya kupanda juu zaidi ya hapo.

Hapa ndipo nairudia kura ya mwaka 1952. Umoja wa Kisovieti uliowatetea Wameru New York ulikuwa umewahamisha wakulima wake kwa wingi ambao Waingereza wa Arusha wasingeweza hata kuuota. Waingereza nao waliijua hoja hiyo na kuifurahia. Mkulima wa Meru hakuwa na hatia katika unafiki wa upande wowote. Alihitaji kura, akazichukua zilikopatikana, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu.

Je, sisi tulipopata kamera zetu tulizifanyia nini? Baada ya Uhuru serikali iliunda kitengo chake cha filamu. Mwaka 1968 ikaanzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na miaka ya 1970 ikafuata Taasisi ya Audio Visual kwa msaada wa Denmark. Magari ya sinema ya serikali yalizunguka vijijini, na watu wazima wa rika langu wanakumbuka shuka jeupe lililotundikwa kwenye uwanja wa shule na mlio wa jenereta. Zilitengenezwa kazi zenye nia njema: kilimo, afya, elimu ya watu wazima, na Fimbo ya Mnyonge, iliyohimiza maisha ya vijiji vya ujamaa. Azimio lililopitishwa hapahapa Arusha mwaka 1967 lilisema wazi kwamba maendeleo ni watu. Lakini mpango wa filamu ulibaki ule wa Vugiri: mwananchi afundishwe nini? Wakati wa Operesheni Vijiji mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa hiari, wengine kwa mgambo na nyumba zilizoezuliwa mapaa. Gari la sinema lilipowafikia huko walikohamia, lilikuja kuonyesha. Halikuja kupiga picha leo na kuonyesha kesho, kisha kumwita mkuu wa wilaya akae kwenye benchi na kusikiliza. Televisheni ya Tanzania Bara yenyewe ilisubiri hadi 1994.

Nawaandikia hasa watumishi wa umma, kwa sababu najua hoja watakayonijibu: serikali changa haiwezi kulipa watu waishambulie. Lakini treni ya Medvedkin ilikuwa ya serikali, katika nchi iliyokuwa na polisi wa siri kila kona, na bado iliruhusiwa kumwonyesha meneja akidanganya. Sisi hatukufika hata hapo. Kama kuna afisa anayedhani mkutano wa hadhara na taarifa ya maandishi vinatosha, atafute ni malalamiko mangapi ya ardhi katika mkoa wetu yamefika kwa waziri yakiwa na sauti ya mlalamikaji mwenyewe, na si muhtasari wa mtu wa tatu.

Mambo yamebadilika, lakini si kwa hisani ya ofisi yoyote. Loliondo, katika wilaya ya Ngorongoro, mkoani kwetu, kikundi cha vijana wa Kimaasai kinachojiita Oltoilo Le Maa, yaani Sauti ya Wamaasai, kilijifunza kutengeneza video za jamii: wanapiga wenyewe, wanawaonyesha wazee, wanajadiliana, wanahariri upya. Baadhi yao walifika hadi jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, kuuliza habari za vitu vya mababu zao vilivyohifadhiwa humo. Sidhani walimsoma Medvedkin. Hawakuhitaji kumsoma.

Kisha ikaja Juni 2022, mpaka wa eneo la kilomita za mraba 1,500 ulipowekwa Loliondo. Mara hii moshi ulikuwa na picha. Simu za mkononi zilirekodi watu wakikimbia na majeraha, na ndani ya saa chache video zilikuwa zimevuka mipaka. Askari polisi mmoja aliuawa katika vurugu hizo. Serikali ilisema inalinda ikolojia na vyanzo vya maji, na kwamba picha zilizosambazwa zilikuwa za upotoshaji. Wanakijiji walisema ni ardhi ya vijiji vyao. Sitaamua ugomvi huo katika makala juu ya filamu. Ninachokiona kama mwanahistoria ni kwamba upande unaohama ulikuwa na picha zake, na kwa hiyo mabishano hayakuanza na kama jambo limetokea, bali juu ya maana ya kilichoonekana.

Na picha haitoshi. Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapa mjini Arusha, ilikuwa na shauri la vijiji vinne vya Loliondo, Ololosokwan kikiwa cha kwanza, kuhusu uhamishaji wa mwaka 2017. Tarehe 30 Septemba 2022 kitengo cha awali kililitupa shauri hilo, kwa hoja kwamba walalamikaji hawakuthibitisha vya kutosha kwamba waliondolewa kwenye ardhi ya vijiji na si ndani ya hifadhi. Moto peke yake hausemi umewaka upande gani wa mpaka, hata ukirekodiwa vizuri namna gani. Inatakiwa mtu asimame mbele ya kamera pamoja na ramani, jiwe la mpaka, tarehe na jina lake. Kirilo Japhet alilijua hilo: kitabu chake na Seaton, kilichotoka mwaka 1967, kimejaa hati, barua na tarehe, na anayedhani ni kitabu kikavu hajawahi kushitakiwa kwa kuishi kwao.

Novemba 2023 kitengo cha rufaa cha mahakama hiyohiyo kilitengua uamuzi ule na kuagiza shauri lisikilizwe upya.